Vigingi Nilivyovinyoosha Mtinko

Simu ilinikuta kwa kinyozi Ilongero, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado: mama injinia wa madishi amefariki. Nilitoka hivyohivyo mpaka Mtinko, kuku wote wakinipisha njia. Mnanijua kwa kutia chumvi. Leo nitapunguza, ibaki ya mboga tu.

Alikuja kwetu kupanga uwanja wa madishi ya kusikiliza nyota. Akanipa usimamizi wa vibarua, tuchimbie vigingi kwenye alama zake, kila kigingi dishi lake. Akaenda mjini kumpokea mkubwa wake wa kuja kukagua. Tulipomaliza kuvichimbia, nikaviangalia vile vigingi. Viwili vimebanana, kingine kimejitenga kama kimesusa. Nikasema mama wa watu amechoka, jua la huku linakaanga yai juu ya kofia. Na sisi bwana shamba katupigia kelele miaka yote: alizeti ni kamba, mstari, hatua sawa! Tukavuta kamba, tukang'oa, tukapanda upya. Mistari ilinyooka mpaka siafu wakawa wanapita kwa adabu.

Kesho yake gari likafika, mama injinia akashuka na mkubwa wake. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mwanangu." "Vigingi vyangu viko wapi?" "Nimekunyooshea! Vilikuwa vimelewa." Mkubwa wake akafura kama andazi: "Huyu aondoke leo hii!" Meno yangu yaliyokuwa nje yote yakarudi ndani. Nyumbani nilishatamba kuwa mimi ndiye msimamizi wa mbingu.

"Kosa ni langu, bosi," mama injinia akasema. "Nilimwambia wapi, sikumwambia kwa nini." Akanigeukia. "Babu, ng'ombe akipotea porini, kengele yake mnaisikilizaje?" "Tunatawanyika. Huyu karibu, yule mbali." "Madishi nayo hivyohivyo. Kila mawili yana umbali wake, na kila umbali unatueleza jambo lake. Umbali ukijirudia, tunaambiwa lilelile, picha ya nyota inatoka na mapengo." "Kumbe tunatafuta ng'ombe wa mbinguni!" Hata mkubwa akacheka. Tukavirudisha kwa vipimo vya daftari lake, nikabaki kazini mpaka dishi la mwisho.

Wengi wameniambia chimba hapa. Yeye ndiye aliyenieleza sababu, tena akabeba kosa la mikono yangu. Nashukuru. Tangu hapo simtumi mtu bila kumwambia kwa nini, hata mbuzi nikimfunga namweleza.

Msibani viti vilipangwa mistari. Nikavuta changu, nikakiweka peke yake. "Mzee, unaharibu mstari!" akanikemea mama mpanga viti. Nikamweleza kwa nini. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavuta chake, akakaa mbali kidogo na mimi.