Tairi la Mzee Asiyepanda Baiskeli

Wenzangu wa chuo kikuu walipokuwa wakiniuliza ninafanya nini Musoma, niliwajibu kwamba niko kwenye usambazaji. Niliikana kazi yangu miaka mingi. Ukweli ni kwamba niliuza vipuri vya baiskeli kuukuu, na shahada yangu ilining'inia kati ya minyororo na matandiko, ikipata vumbi sawa na vingine.

Siku ya kwanza kazini mteja aliomba tairi la ishirini na nane, nikampa lililoandikwa ishirini na nane. Alilirudisha kabla ya mchana. Mwenye duka, tuliyemwita Mwenyekiti kwa sababu hakuonekana nje ya kiti chake, hakugomba.

"Namba ni ya kiwandani, binti. Wewe uliza rimu."

Kumbe ziko ishirini na nane mbili. Ile ya baiskeli za kisasa ni ndogo kidogo. Ukiilazimisha kwenye rimu ya zamani, ya baiskeli zenye breki za fimbo, utavunja kucha na tairi halitaingia. Tangu hapo nilimwagiza kila mteja aje na tairi lake la zamani, hata kama limebaki waya.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Bunda, chini ya Fundi Mkuu, ambaye hakuwa na fundi mwingine wa kumwongoza. Wakulima wa pamba walituletea baiskeli zilizobebeshwa magunia mpaka spoku zikasalimu amri. Alinifundisha kupanga gololi ndani ya habu, kitovu cha gurudumu, zikishikwa na grisi zisidondoke. Kisha bodaboda zikajaa, wateja wakapungua, Mwenyekiti akaamua kufunga. Nikawa mstaafu kabla nywele zangu hazijakubali.

Wiki ya mwisho alikuja Mzee Magesa kutoka Nyamuswa kutafuta tairi, na mwanawe Marwa amebeba rimu tupu ya breki za fimbo.

"Mwambie hakuna, mama," Marwa alininong'oneza. "Mzee mwenyewe haendeshi. Jumamosi mtu wa vyuma chakavu anaichukua hiyo baiskeli."

"Siendeshi, nasukuma!" mzee alidakia, masikio yake yalikuwa mazima. "Wewe mura, eti nitembelee fimbo! Fimbo gani inabeba mihogo?"

Goti lake moja lilikuwa halikunji tena. Kwa kuegemea usukani alifika kanisani, akafika mnadani. Bila tairi baiskeli haisukumiki kwenye mawe, na bila baiskeli angebaki uani akihesabiwa pamoja na kuku.

Nilitafuta Musoma mjini mpaka Mwisenge. Nilikuta yale madogo ya kisasa tu. Butiama nikaliona lenyewe, halijawahi kutumika, limetundikwa mlangoni kwa fundi kama bango.

"Hilo haliuzwi," fundi alisema. "Watu wananijuaga kwa hilo. Halafu jua limelipasua ubavuni. Mtu akilipanda litamwangusha."

"Huyu hapandi."

"Hapandi? Sasa tairi la nini?"

Nilipomweleza alicheka mpaka akaweka spana chini. Tukabadilishana: yeye akachukua bango la duka letu, gurudumu lililopakwa rangi nyekundu, ambalo sisi hatukulihitaji tena. Ijumaa nikalipakia tairi kwenye basi la Nyamuswa.

Vijana huniuliza kazi ile ilinifundisha nini. Ilinifundisha kuuliza kitu kitafanya kazi gani kabla ya kusema kimekwisha. Zaidi ya hapo, ilinifundisha kunawa grisi kwa majivu.

Jumamosi nilikuwa nyumbani Bweri, nikijifanya nasoma, huku nawaza kama ule ufa ungestahimili hewa. Simu ikaita. Alikuwa Marwa.

"Mama, mtu wa vyuma chakavu yuko hapa anataka baiskeli."

"Si umpe?"

"Nimpe nini? Mzee ameondoka nayo tangu alfajiri! Mtu tangu tairi liishe alikuwaga hatoki hata getini!"

"Ameenda wapi?"

"Wamemwona mnadani, mama. Anabishania mbuzi."