Tulijificha Ndani Krismasi, Babu Akapigwa na Mvua Barazani

Nianze kwa kusema mkosaji ni mimi. Mume wangu na wifi zangu nao nitawasema humu humu, na sitawapunguzia. Lakini siku ile mlango wa nyumba yangu ulikuwa na mtu wa kuufungua, na mtu huyo alikuwa mimi. Sikuufungua!

Nina hasira mpaka sasa ninavyoandika. Msinihurumie, nawaomba.

Mimi ni Mtanzania wa Morogoro. Mume wangu ni wa huku Afrika Kusini, ila alizaliwa kwetu Morogoro, maana baba yake alikuwa mmoja wa wale wapigania uhuru waliokaa kwetu miaka mingi kabla nchi yao haijakombolewa. Walirudi kwao mume wangu akiwa bado mdogo. Alipokua akaja kupaona alipozaliwa, akanikuta mimi. Ndivyo nilivyofika Johannesburg, mtaa wa Observatory, kwenye nyumba ya zamani yenye baraza mbele na kibustani cha mchicha pembeni.

Kazi yangu ni kusuka. Nina kiti kwenye saluni moja Marshalltown, katikati ya mji. Aliyewahi kusuka huku mwezi wa Desemba anajua ninachosema. Kila mwanamke anataka kwenda kwao na kichwa kipya! Unasimama mpaka miguu inavimba, vidole vimechubuka kwa rasta, mgongo usiseme. Saluni inafungwa mkesha wa Krismasi. Kesho yake ukoo mzima wa mume wangu unakuja kula kwangu.

Kila mwaka! Nani aliamua? Mama mkwe alipofariki, wifi yangu mkubwa, hapa nitamwita Nomsa, alisema tu, "Mwaka huu twende kwa Makoti, ana nafasi." Makoti ndivyo wanavyomwita mke aliyeolewa kwao. Basi ikawa sheria.

Wanatoka Soweto, wanatoka Pretoria, na watoto, na marafiki wa watoto, na wachumba ambao mwakani hutawaona tena. Mimi napika pilau, kuku, maboga, saladi za kila rangi, na juisi ya tangawizi ndoo nzima. Wao wamekaa uani na miwani ya jua. "Makoti, barafu imeisha!" "Makoti, mtoto kamwaga juisi!" Hakuna aliyewahi kuosha hata kijiko. Na mume wangu je? Yuko kwenye jiko la nyama na mashemeji zake, anacheka. Nikimlalamikia ananiambia, "Eish, ni siku moja tu, mpenzi."

Siku moja! Jaribu wewe kusimama siku hiyo moja.

Aliyekuwa ananiona ni baba mkwe peke yake. Tulimwita Babu kwa ajili ya binti yetu. Akifika, haendi uani kwa wenzake, anakuja moja kwa moja jikoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Lete kisu nikukatie hivyo vitunguu."

Kiswahili chake kilikuwa cha Morogoro ya zamani, kina maneno ambayo hata mama yangu ameshayaacha. Wanawe hawakukishika, hata mume wangu anaokoteza tu. Babu atakata vitunguu huku machozi yanamtoka, ananiuliza kama mvua imenyesha Uluguru, kama ile njia ya kwenda mtoni bado ipo. Kile kibustani cha mchicha alikilima yeye. Mbegu nililetewa kutoka nyumbani, jembe alishika yeye.

Sasa sikilizeni nilichomfanyia mtu huyo.

Mwaka 2018, Desemba inaanza, nimetoka saluni nimechoka hoi. Nafungua simu, kwenye kundi la familia Nomsa kaandika: "Makoti ajiandae, mwaka huu tutakuwa wengi kidogo. Halafu apunguze chumvi, pilau ya mwaka jana ilizidi."

Chumvi! Mtu aliyebeba pilau hiyohiyo kwenye bakuli tatu akaenda nayo kwake!

Palepale nikaandika kwamba poleni sana, mwaka huu hatupo, tunakwenda Tanzania, mama yangu mgonjwa. Mama yangu alikuwa mzima, analima! Na nyumbani nao nikawaambia tunakwenda Durban na wakwe, ili wasipige simu. Mume wangu nikamweleza baadaye.

"Si twende kweli basi?" akasema.

"Sitaki kwenda popote. Nataka kufunga mapazia nilale."

Akanitazama, akacheka. "Sharp," akasema, yaani sawa. Yeye ugomvi na dada zake anauogopa kuliko radi.

Babu akapiga simu. "Mwanangu, nasikia mama anaumwa. Pole sana. Umpe salamu zangu, mwambie tunamwombea. Na mchicha usiufikirie, nitakuja kuumwagilia. Ufunguo wa geti ninao."

"Usijisumbue baba. Krismasi kaa upumzike na wanao."

"Aa, hao wana mambo yao," akasema.

Maneno hayo yalipita sikioni kwangu kama hewa. Nilikuwa nimeshafika kwenye usingizi wangu.

Siku ikafika. Gari tulilipeleka kwa rafiki, mapazia tukafunga, sauti ya televisheni tukaipunguza. Binti yetu, bado hajaanza shule wakati huo, alidhani ni mchezo. Nitawaambia ukweli: asubuhi ile ilikuwa raha! Nililala mpaka nikachoka kulala. Nilikula mkate na chai kitandani, nikajiona mjanja.

Mchana nikasikia kufuli la geti.

Nikachungulia. Alikuwa Babu, na koti lake la suti na kofia, mfuko wa plastiki mkononi. Katoka Soweto siku ya Krismasi, siku ambayo teksi, ndizo daladala za huku, hazipatikani! Kaja kumwagilia mchicha wa mtu.

Binti akafungua kinywa, "Ba..." Nikamziba mdomo kwa kiganja. Tukalala chini sebuleni wote watatu kama wezi.

"Ni baba," mume wangu akaninong'oneza. "Nifungue."

"Ukifungua utamwambia nini?"

Akainua kichwa kuutazama mlango. "Basi tulia," nikasema. Na akatulia. Naye namlaumu kwa hilo, ni baba yake mzazi! Lakini aliyesema tulia ni mimi.

Babu akamwagilia, akang'oa magugu, akawa anauambia mchicha sijui nini kwa Kiswahili. Kisha akaja kukaa barazani. Akatoa bakuli mfukoni. Nilimwona kwenye upenyo wa pazia: ugali na vipapatio vya kuku, vya baridi. Akavua kofia, akaomba, akala.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuna mtoto wake hata mmoja aliyemwalika! Makoti hayupo, basi kila mtu na mambo yake. Nilidhani nimejiondoa mimi tu kwenye Krismasi ile. Kumbe nimemwondolea na yeye.

Mnadhani nilifungua? Sikufungua. Nilisema moyoni, akimaliza kula ataondoka.

Mbingu ikawa nyeusi. Mnaoishi huku mnaijua mvua ya alasiri ya Desemba, haibishi hodi. Ikaja na radi, ikaja na mawe, yakawa yanapiga bati kama watu wanatupa kokoto. Baraza letu ni jembamba, upepo ukawa unaingiza maji yote. Babu akajibanza kwenye mlango. Nilimsikia anakohoa. Kati yangu na yeye kulikuwa na ubao tu.

Binti analia bila sauti, machozi yananilowanisha kiganja.

Simu yangu ikaita.

Ilikuwa mezani kwenye chaji, sauti yote juu. Jina kwenye kioo: Babu. Kakaa pale kwenye mvua akaona awapigie wanawe walioko Tanzania awatakie heri! Ikaita, ikaita. Niliirukia nikaikata.

Nje kikohozi kikaacha.

Kisha nikasikia viatu vyake vinashuka ngazi. Nikasikia geti. Alilifunga kwa kufuli, kwenye mawe yale yale, asije mtu akatuibia.

Mume wangu akasimama. Nikamshika shati. "Atajua!"

"Ameshajua!" akanipigia kelele, mara ya kwanza tangu anioe. Akatoka pekupeku. Mpaka anapata ufunguo na kufika barabarani, baba yake hayupo.

Kwenye kona yetu kuna kibanda cha mlinzi, kaka mmoja Mkongo wa Lubumbashi. Ndiye aliyemwingiza ndani. Alinieleza mwenyewe siku nilipopita.

"Mama, ule muzee mvua ilimupiga mubaya. Nilimupa koti yangu. Nikamuuliza, kwa nini hawakukufungulia? Akasema hapana, kule hakuna mutu, balisafiri."

Akanitazama. "Miye nilikuwa najua muko. Sikusema kitu."

Kwa hiyo Babu alinificha! Nimemwacha nje, naye ananifichia aibu yangu kwa mtu baki.

Kifua kikamshika, akalazwa Soweto. Hata watoto wake hakuwaambia. Aliwaambia alitoka kutembea, mvua ikamkuta. Angelikufa nayo ile siri. Aliyeitoa ni mdomo wangu na hasira zangu. Nomsa alinipigia, akijua nimesharudi "safari," akaanza: familia hii haina mtu wa kumwangalia baba, sijui nani alimruhusu kutoka, ningekuwepo mimi...

Nikapasuka. "Na wewe ulikuwa wapi? Baba yako amekula Krismasi vipapatio vya baridi barazani kwangu, peke yake!"

"Makoti," akasema, "umejuaje alichokula?"

Jioni ile ukoo mzima ulikuwa unajua. Nilitukanwa kwa Kizulu, kwa Kiingereza, na lile neno la "kwerekwere" wanalowaitia wageni, ambalo miaka yote walikuwa wanalimeza kwa sababu ya pilau. Kwerekwere kamfungia baba yetu nje! Wao waliomsahau kabisa wakawa malaika. Hilo linanichoma mpaka leo, kwa sababu siwezi kuwajibu. Nitajibu nini?

Nilikwenda hospitali. Nilipiga magoti kando ya kitanda mbele ya wagonjwa wengine.

"Shikamoo baba."

Akanigeukia, uso hauna hasira. Ningeshukuru angenitukana.

"Hello, Makoti," akasema. Na mengine yote aliyoniambia siku ile yalikuwa Kiingereza. Asante kwa kuja. Mtoto hajambo? Msijali, naendelea vizuri. Hakuwahi kuniita Makoti hata siku moja kabla ya hapo.

Alipona. Sasa ni karibu mwaka. Nimemwomba msamaha kwa kila njia, ananijibu kwa Kiingereza kwamba yamekwisha, na kwamba Kiswahili uzee umemsahaulisha. Uongo! Mlinzi wa kona ameniambia Babu huja kumtembelea, wanakaa kibandani wanapiga soga kwa Kiswahili, wanacheka. Anafika mpaka pale, umbali wa kutupa jiwe na geti langu, kisha anageuza kurudi kwake.

Mume wangu yupo, ila anaongea na mimi kama mtu aliyepanga chumba. Binti yangu, mtu akigonga geti, hata awe fundi wa bomba, anajitupa chini ya meza. Hayo nimemfundisha mimi.

Krismasi nyingine hii inakaribia. Familia inakutana kwa Nomsa. Mume wangu amealikwa, binti amealikwa, mimi sijaalikwa. Nitalala nitakavyo!

Wapo watakaoniandikia hapa chini kwamba nilikuwa na haki ya kupumzika. Ndiyo, nilikuwa nayo! Ningemwandikia Nomsa pale pale kwenye kundi, sipiki mwaka huu, nimechoka, kila mtu aje na sufuria lake. Tungegombana, wangeninunia mpaka Pasaka, na Babu angekuja jikoni kwangu kama kawaida. Ugomvi ule niliukwepa kwa uongo, nikamlipisha mtu ambaye hakunikosea kitu.

Dada unayesoma hii miguu imevimba na wakwe wako njiani, gombana nao! Sema hapana kwa mdomo wako, wakasirike. Na kama umeshadanganya, umefunga mapazia, halafu mtu mwema amesimama mlangoni, mfungulie. Usipange la kusema. Simama na aibu yako mlangoni umwambie ingia, unalowa.