Karatasi Tisa kwenye Ubao wa Mustafa

Awinja alikuwa karani wa takwimu katika kliniki moja ndogo ya Kakamega, na kwa ukaidi sijaona wa kumshinda. Najua, maana meza yetu ilikuwa moja. Mwaka 1998, kila Ijumaa, alipiga chapa majina ya waliopimwa virusi vya Ukimwi pamoja na majibu yao, ili yaende Nairobi kwa barua pepe.

Kabla ya kutoka aliifunga faili kwa neno la siri. Ukiifungua bila neno hilo unaona vurugu ya herufi tu. Hakuliandika popote; mwenzake wa Nairobi aliambiwa sikioni alipokuja kila mwezi, na akifika kwao ameshalisahau. Hapo simu zinaanza. Awinja alikataa katakata kulitaja kwenye simu.

Daktari wetu, Mukhwana, alichoka. "Awinja, tuma tu vile iko. Hapa Kakamega nani atasoma?"

"Mustafa anachapanga kila kitu, daktari."

Mustafa ndiye aliyekuwa na kompyuta ya barua pepe, dukani kwake nyuma ya soko. Wateja wengi hawakujua hata kuigusa, kwa hiyo alituma yeye, na kila kilichoingia alikichapa na kukibandika ubaoni nje, mwenyewe aje ajichukulie. Habari za posa, za msiba, za mtoto aliyefeli mtihani Bukura, mji mzima ulisoma. Wala hakuna aliyelalamika, ndivyo tulivyozoea.

Ijumaa moja ya Agosti daktari alisimama mlangoni, akaamuru faili iende wazi. Awinja akaitikia, "Sawa, daktari," akaifunga kama kawaida na kuondoka na diski mkobani. Nilimwona, nikanyamaza. Kwa jambo hilo angeweza kufutwa kazi.

Jumatatu tulipopita sokoni tulikuta watu wamejaa ubaoni wakicheka. Sanduku la barua pepe la Nairobi lilikuwa limejaa, faili ikarudishwa Kakamega, na Mustafa, kwa uaminifu wake, akaichapa yote. Karatasi tisa! Juu aliandika kwa kalamu nyekundu: KLINIKI.

Tukajipenyeza mpaka mbele.

"Dada Awinja, umenimalizia karatasi," Mustafa alilalamika. "Hii ni lugha gani, wallahi?"

Mbele kabisa alisimama Priscah, muuza mboga, kikapu kichwani. Tulikuwa tumempima wiki iliyopita, na angekuja kuchukua majibu Jumatano. Mimi na Awinja tulikuwa tumeshayaona. Alikuwa mstari wa kumi na saba, na majibu hayakuwa mazuri.

"Sasa takataka kama hii nani anaweza kusoma?" Priscah aliuliza, akicheka mpaka akashika kikapu kisianguke.

"Hakuna mtu, mama," Awinja akamjibu, akaanza kuzibandua karatasi moja moja.