Kijana Asiye na Mahari

Mwaka 2006 mji wa Kitale ulipenda filamu moja ya Kikorea kuliko ulivyopenda mvua ya Machi, na chanzo cha mapenzi hayo kilikuwa herufi moja.

Herufi hiyo ilitoka kinywani mwa Nakhumicha, rafiki yangu tangu darasa la nne huko Misikhu. Nakhumicha huziweka l na r kila moja kwenye kiti cha mwenzake, na hajawahi kuona sababu ya kuzirudisha. Kwake mimi si Lenah. Ni Rena. Nilipofuzu chuo cha ualimu alinikumbatia mbele ya watu wote akasema, "Lafiki yangu Rena, sasa wewe ni mwarimu wa Kiswahiri!" Nikalia. Hadi leo sijui kama nililia kwa furaha au nililia Kiswahili.

Alikuwa akiuza chai na mandazi mlangoni mwa kibanda cha video cha Ndirangu, nyuma ya soko. Ndani kulikuwa na mabenchi kumi na mawili, televisheni iliyofungwa mezani kwa waya ili isiibwe, na kiti kimoja kando yake. Hicho kilikuwa kiti cha msimulizi, yule anayeshika maikrofoni na kuwaambia watazamaji kwa Kiswahili yale yanayosemwa kwenye picha. Msimulizi wa kwanza aliokoka, akahamia Webuye kuhubiri, na kwa wiki nzima Ndirangu akaonyesha filamu kwa watu waliokaa wakitazamana. Siku ya nane Nakhumicha aliweka birika chini, akaingia, akakikalia kile kiti. Hakuomba ruhusa. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na miwili, mwenye sauti iliyozoea kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Baada ya mwezi mmoja hakuna aliyesema tena anaenda kutazama video. Walisema wanaenda kwa Mama Wekoye. Wekoye ni kifungua mimba wake.

Filamu za mapigano hazikumpa taabu. Mtu akipigwa, amepigwa. Lakini ile ya Kikorea ilikuwa ya mapenzi na vichekesho, na watu wake waliongea kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo Jumapili moja baada ya ibada Nakhumicha alikuja kwangu, kwenye nyumba ya walimu, na diski ndani ya Biblia. Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kiingereza. Mimi nikasoma, nikatafsiri, nikaandika kwenye daftari la shule. Yeye akakariri.

Filamu yenyewe ilikuwa hivi. Kijana mmoja ametoka mashambani kuja mjini. Amepata kazi ya kubeba vitu kwenye duka la samani, lakini hajapata chumba, basi jioni anajificha dukani na kulala kwenye kitanda cha kuuzwa. Asubuhi moja binti wa mwenye duka anakuja kujaribu godoro jipya, anajitupa juu yake, na godoro linapiga kelele. Ndipo wanapojuana. Msichana ni mkali kama pilipili. Anamuuliza anafanya nini pale, na kijana anajibu maneno mawili ambayo mimi, kwa mkono wangu, niliyaandika hivi: *Sina mahali.*

Kwa hiyo kosa lilianzia kwenye daftari langu, ingawa ndani ya daftari hamna kosa.

Siku ya kwanza ya kuonyeshwa nilikaa benchi la nyuma. Godoro likapiga kelele, watu wakacheka. Msichana akafoka. Kijana akainamisha kichwa, na Nakhumicha akasema kwenye maikrofoni kwa uchungu wote alio nao duniani, "Dada yangu, usinifukuze. Mimi sina mahari."

Kicheko kikakatika. Vijana wa bodaboda, wauza mitumba, wakulima waliokuja kununua mbolea, wote walikuwa wanaume waliowahi kukosa mahari au waliokuwa wameikosa siku hiyohiyo. Halafu mtu wa benchi la tatu akasema polepole, "Hata huko Korea?"

Alikuwa Wakhungu, mwendesha bodaboda kutoka Chwele, mwenye uchumba wa miaka sita na ng'ombe mmoja.

Kuanzia hapo hapakuwa na kurudi nyuma. Mwenye duka alipotokea, watu walimzomea. Msichana alipompa kijana majuma matatu atafute pa kuishi, watu walisema majuma matatu ni machache, hata serikali haiwezi. "Amletee ng'ombe mmoja tu kwanza!" Wakhungu alipiga kelele. "Wengine watafuata!" Nakhumicha alinitazama mara moja gizani. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kilichotokea. Aliniambia baadaye, "Niriona wanafulahi, nikaongeza ng'ombe."

Ng'ombe walikuwa kumi na watatu. Kwenye picha hamkuwa na hata mmoja.

Shida ilikuwa mwisho wa filamu. Kijana anabeba kabati kwenye mkokoteni, akipanda mlima mvuani. Msichana amejificha ndani ya kabati. Baba yake anatokea, anamwonea huruma mfanyakazi wake, anaanza kusukuma, bila kujua kwamba anamsukuma bintiye mwenyewe aondoke nyumbani. Kibanda kilicheka hadi waya wa televisheni ukatikisika. Lakini Mzee Munene, mkulima wa viazi kutoka upande wa Cherangani, hakucheka.

"Hiyo kabati ni ya nini?" aliuliza.

"Ya mahari, mzee," akajibu Wakhungu.

"Mahari inaenda kwa baba. Hii inatoka kwa baba."

"Labda Wakorea wanarudisha chenji."

"Na kabati moja ni mbuzi wangapi?"

"Mbuzi wametoka wapi? Sisi tunaongea ng'ombe!"

"Kwetu hakuna kuongea bila mbuzi."

Walibishana hivyo kila Jumamosi kwa miezi mitatu, upande mmoja ng'ombe, upande mwingine mbuzi, na kabati katikati. Walilipa kiingilio upya ili waichunguze upya. Siku hizo, kabla ya uchaguzi wa mwaka uliofuata, tulikuwa bado tunagombana kwa mzaha.

Mwezi Agosti nilikwenda Bungoma kumwona mama yangu, nikaingia saluni. Mwanamke aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha nywele alikuwa akimpigia mwenzake kelele. "Hujaiona ile ya mahari? Ya Wakorea? Nenda Kitale! Shemeji yangu alilia!" Nilikaa pale na kichwa kimejaa povu nikijiuliza kama nina wajibu wa kusema kitu. Sikusema. Niliporudi niliitazama filamu peke yangu, sauti ya Kikorea, maandishi ya Kiingereza, chai ikipoa. Nilitaka kujua kama ilistahili sifa zile zote.

Nasema ukweli: si mbaya. Ile ya godoro inachekesha. Lakini katikati inachosha, wapenzi wanazunguka na mwavuli mmoja kwa muda ambao mtu angeweza kupika maharagwe, na msichana anampiga kijana makofi mengi kuliko mapenzi yanavyohitaji. Kama ingekuwa insha ningeipa hamsini na nane kwa mia. Jambo moja tu lilinigusa. Kijana aliposema hana mahali, alisema kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayeomba radhi. Nilitazama ile nyumba ya walimu, kuta za serikali, kitanda cha serikali, nikazima.

Mwezi Septemba akaja Ivy, mpwa wa Ndirangu, anayesoma chuo Nairobi. Alikaa kibandani dakika ishirini, akamfuata mjomba wake nje.

"Anko, hii muvi si ya mahari bana. Ni *mahali*. Na ng'ombe ni wa nini? Anawapotosha watu."

"Watu wanalipa," alisema Ndirangu.

"Ati wanalipa. Siku wakijua? Washa yale maandishi ya chini, watu wasome wenyewe. Hata maikrofoni hutahitaji."

Ndirangu si mtu mbaya, lakini neno "hutahitaji" huwa linamwingia. Akatangaza: Jumamosi saa nane mchana filamu itaonyeshwa kwa maandishi, bila msimulizi. Watu wakipenda hivyo, Mama Wekoye atarudi mlangoni kwa birika lake.

Nakhumicha alinijia Ijumaa. Hakuleta mandazi. "Rena, watakuuriza kesho," alisema. "Wewe ndiye mwarimu."

"Nitasema nini?"

"Sema kweri." Akafika mlangoni, akageuka. "Rakini usiseme halaka."

Jumamosi kibanda kilijaa hadi dirishani. Nakhumicha alisimama mlangoni na birika mkononi, aproni amekwisha kufunga, kama mtu aliyejihukumu mapema. Ivy akawasha. Wakorea wakaongea Kikorea, maandishi yakapita chini meupe, na watu wakainama mbele kama wanaotafuta sindano.

"Ivy, haya maandishi si yatembee polepole!" alilalamika Wakhungu. "Nikimaliza neno la kwanza wameshakosana na kupatana."

"Mimi miwani iko nyumbani," alisema Mzee Munene. "Huwa nakuja hapa kusikiliza."

Godoro likapiga kelele. Wachache walicheka, kwa mazoea. Kijana akainamisha kichwa, akasema yale maneno yake mawili, na kibanda kizima kikangojea.

"Amesema hana mahari?" mtu aliuliza.

"Hakusema hivyo!" Ivy alisimama. "Hakuna mahari kwa hii muvi. Hakuna ng'ombe. Anatafuta pahali pa kulala, basi! Muulizeni Mwalimu."

Vichwa vyote vikageuka benchi la nyuma. Hata wakaguzi wa elimu hawajawahi kunitazama hivyo. Sikusema haraka, kama nilivyoagizwa, lakini hatimaye ilibidi niseme.

"Ni kweli. Kijana hana mahali. Kwa l."

Mzee Munene aliinuka taratibu. "Kwa hivyo ile kabati haikuwa mahari."

"Haikuwa."

"Ilikuwa kabati."

"Ilikuwa kabati, mzee."

"Miezi mitatu," alisema Mzee Munene, akimgeukia Nakhumicha, "miezi mitatu nimebishana na huyu mtu juu ya kabati!"

"Na ulishindwa," alisema Wakhungu, lakini naye alikuwa ameumia. "Mama Wekoye, na wale ng'ombe? Mimi nilikuwa naenda nyumbani nikiwafikiria wale ng'ombe. Nikisema, kama huyu amefika kumi na watatu..."

Hapo nilitaka ardhi inimeze mimi na daftari langu.

Nakhumicha akaweka birika chini. Hakuchukua maikrofoni, na hakuihitaji.

"Nyinyi watu," alisema. "Huyu kijana ana mahari pa kurara, ama hana?"

"Hana," walijibu.

"Haya. Mtu hana mahari pa kurara, mahali atatoa wapi?"

Akalisogelea benchi la tatu.

"Na mtu hana mahali, baba ya msichana atamupea huyo msichana akamuweke mahari gani?"

Nikaona midomo ya watu ikichezacheza, kila mmoja akijaribu kurudisha herufi kwenye viti vyake.

"Ngoja," alisema Wakhungu. "Hiyo ya mwisho ni ya ng'ombe ama ya nyumba?"

"Kwani ni mbiri?" Nakhumicha alimwuliza kwa upole. "Wewe Wakhungu, miaka sita. Kwako ni mbiri?"

Wakhungu alifikiri. "Ni moja," alisema.

Mzee Munene ndiye aliyeanza kucheka, kwanza tumboni, halafu kote. Benchi lake likafuata, halafu la ng'ombe. Ivy alibaki amesimama na rimoti mkononi.

"Mwalimu," alisema Mzee Munene akifuta macho, "toa hukumu. Hii filamu inastahili sifa ama haistahili?"

"Filamu, hamsini na nane kwa mia."

"Na ya Mama Wekoye?"

"Hiyo siwezi kuisahihisha."

"Ivy mama, zima hayo maandishi," alisema Wakhungu. "Anzia kwa godoro."

Ivy alizima, na Nakhumicha akarudi kwenye kiti chake. Ivy akasogea akakaa benchi la mbele, na ng'ombe walipofika wa tisa nilimsikia akicheka kwa sauti ya juu kuliko wote, akijipigapiga goti. Siku hiyo walifika kumi na wanne. Wa kumi na nne, Nakhumicha alitangaza, alikuwa mweusi mwenye doa, kutoka Chwele. Halafu, kwa ajili ya amani, akaongeza mbuzi kumi.

Baada ya onyesho Ndirangu alinipa chaki. Mlangoni kulikuwa na ubao wa kutangazia filamu, na yeye aliamini kwamba mwalimu ana mwandiko. "Andika ya Jumamosi ijayo," alisema, akaenda zake.

Niliandika KIJANA ASIYE NA MAHA. Mkono ukasimama. Nilikuwa na miaka kumi na tisa ya kalamu nyekundu nyuma yangu, na mamia ya watoto niliowazungushia duara kwenye herufi hiyohiyo.

Nakhumicha alikuwa begani kwangu, birika mkononi, safari hii la kujinywea mwenyewe. "Andika tu vire inasemwa," alisema.

Nikaandika R, halafu I.

Alisogea karibu. Akafuata maandishi kwa kidole, herufi moja moja, kama watoto wanavyofundishwa darasa la kwanza, akasoma kwa sauti:

"Kijana asiye na mahali."

Nikampa chaki, nikapokea chai.