Sauti Niliyorudishiwa

Daktari aliyenitoa goita shingoni aliniambia sauti yangu inaweza kurudi, inaweza pia isirudi. Niliitikia kwa kichwa, maana hata ya kumbishia sikuwa nayo. Mimi, niliyeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa letu pale Boko tangu sijaolewa, niliyezoea kuona watu wakigeuka kunitazama, nikabaki na pumzi tupu.

Mazoezini sikuacha kwenda. Kila Jumamosi nilisimama mahali pangu mstari wa mbele, mwalimu wa kwaya akitaja noti, nami nikifungua mdomo kama wenzangu, hakitoki kitu. Wageni walidhani naimba. Mungu ndiye aliyejua, naye nilikuwa nimemnunia. Nilimwambia moyoni wazi kabisa: sauti umechukua, sawa, lakini hapa sibanduki.

Kwa jirani yangu mwenye duka, mama wa Kiislamu aliyezaliwa hapahapa mjini, niliomba sukari kwa vidole. Alinichemshia tangawizi, akanikalisha kwenye benchi.

"Mie nakuombea kwa dua zangu, mwanangu," alisema, "na wewe omba kwa zako. Tutaona ipi inatangulia kufika."

Nilicheka bila sauti, nikaondoka na nguvu mpya.

Asubuhi moja nikafika dukani, yeye yuko nyuma anapanga mizigo. Nikajaribu, kama nilivyojaribu kila siku: "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Subiri kidogo, baba."

Baba! Sauti ilikuwa imetoka, lakini nene, yenye mkwaruzo, ya mtu anayepakia saruji kule kiwandani Wazo. Mama alipotokeza alinikuta nalia na kucheka kwa pamoja, akanidaka mikono tukarukaruka pale kama watoto.

Jumamosi nikawahi mazoezini, nikapanda na wenzangu wa sauti ya kwanza. Noti ya juu ikanikatalia katakata. Hasira zikanipanda. Nilikuwa nimeomba sauti yangu, siyo ya mtu mwingine. Mwalimu hakunipa pole. Aliniambia nirudie, akasikiliza, halafu akanyoosha kidole upande wa wanaume.

"Hebu nenda kule, dada. Sauti ya tatu ina watu wawili tu, na mmoja kila siku yuko safarini."

Pasaka nilisimama katikati ya wanaume na gauni langu la sare. Kuna mahali katika wimbo wetu wengine wote wananyamaza, sauti ya tatu inaingia peke yake: "Amefufuka." Nikaingia. Ile sauti nene ikatoka imejaa, ikapita kwenye spika za nje, ikaenda zake mtaani. Watu wakageuka. Nilifurahi mpaka nikasahau kabisa kwamba nilikuwa nimemnunia Mungu.

Jioni nilimpelekea mama wa duka sahani ya pilau.

"Nimemsikia baba mmoja kwenye spika zenu," alisema. "Nimeacha kupima mchele, nikakaa chini."

"Ni mie, mama."

Alilitazama kovu la shingoni, akafuta macho kwa upindo wa kanga.

"Najua ni wewe, mwanangu. Zile dua zetu zimefika pamoja."