Msuko wa Kukaa

Msusi wa kibanda chenye mlango wa bluu watu walimwita Kitana, kwa kuwa kitana alikichomeka kichwani mwake asubuhi, kisha akashinda anakitafuta. Alisuka maharusi, alisuka wafiwa, na vichwa vyote alivikumbuka: chenye kovu nyuma ya sikio, chenye utosi unaouma, na kile cha mke wa mwalimu mkuu ambacho hakikutulia hata siku moja.

Lakini binti yake, kitinda mimba, alipomaliza shule na kukubaliwa na vyuo viwili vya nje, Kitana alijipapasa moyoni asikute kitu. Ulikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi.

Chuo cha kwanza kilikuwa nchi jirani, safari ya basi tu, na kila likizo mtoto angekuwa nyumbani. Cha pili kilikuwa ng'ambo, kwenye baridi. Hicho kingemsomesha bure, ila mwaka wa kwanza wote angejifunza lugha yao, na kurudi nyumbani ni mpaka amalize. Jibu lilitakiwa Jumatatu.

Wateja walimmwagia ushauri. Muuza vitambaa wa kibanda cha pili alisema huko ng'ambo mtoto ataganda kama samaki wa friji. Mteja aliyekuwa anasukwa akasema bora agande na shahada kuliko kuyeyukia hapa bila kazi. Kibanda kizima kikacheka. Kitana naye akacheka, akaendelea kugawa nywele.

"Na wewe mama mtu unataka wapi?" muuza vitambaa akamuuliza.

"Anayekwenda kusoma si mimi."

Alitaka nchi jirani. Alitaka hivyo tangu siku ya kwanza, na wala hakusema. Hakuwahi kumwomba mtu abaki, hata baba wa mtoto alipofungasha vitu vyake, na hakuona kwa nini aanze na mtoto.

Jumapili jioni, wateja walipokwisha, binti akaja akaketi chini, kati ya magoti ya mama yake. Siku zote Kitana alimsuka misuko minene, ya kufumua baada ya wiki chache, maana msusi yupo nyumbani. Akachukua fungu nene bila kuuliza.

"Mama, leo nisuke ndogo ndogo," binti akasema. "Ndogo kabisa. Zikae."

Mkono wa Kitana ukasimama. Anayekwenda mbali, mahali pasipo na msusi, ndiye husukwa misuko midogo. Hilo hakuhitaji kuelezwa.

"Huko nani atakufumua?"

"Mwenyewe. Nitajifunza."

"Utajikata nywele."

"Nitajikata kidogo, Mama."

Kitana akaliachia lile fungu nene, akavuta jembamba, akaanzia kisogoni. Alingoja machozi, hayakuja. Akangoja hasira, nayo haikuja. Vidole vilijua njia, vikaenda vyenyewe. Vilipofika nyuma ya sikio binti akashtuka.

"Unaniumiza."

"Ndivyo zinavyokaa."

Hata hivyo akalegeza. Alipotaka kugawa mstari mwingine akapapasa mapajani, akapapasa kigodani, kitana hakionekani. Binti, bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma, akakichomoa kichwani kwa mama yake, akampa.

Kitana akakipokea. "Weka shingo sawa," akasema, akagawa mstari.