Mguu wa Pamba na Mguu wa Ngoma

Wanunuzi binafsi walipoingia na chama cha ushirika kikaacha kuwa mnunuzi pekee, pamba ya kijiji chetu cha Ngulyati iligombaniwa haswa. Masalu akapata kibarua cha kushindilia: unaingia ndani ya gunia kubwa lililoning'inizwa, unakanyaga pamba mpaka gunia linakuwa gumu kama gogo. Yeye alikanyagia mguu wa kulia tu. Wa kushoto aliutunzia ngoma, maana ndiye aliyekuwa kinara wa kundi la ngoma la Bagalu, na mashindano yao na mahasimu wao Bagika kila baada ya mavuno ndiyo yalikuwa uhai wake.

Msimu wa pili nyonga ya kulia ikaanza kuuma. Kwanza kama mzaha. Baadaye hata kulalia ubavu ule hawezi. Watu hawakuchelewa kupata jibu: ametegewa uchawi na Januarius, kinara wa Bagika. Masalu akaamini kabisa. Akachanjwa chale na mganga, akapakwa dawa nyeusi, kisha huyo, akarudi gunini! Mashindano ya mwaka ule aliyatazama akiwa amekaa, na alilia. Ndiyo, mwanaume mzima, wewe usingelia?

Mkewe Maximiliana akasema basi, imetosha, akamkokota hadi hospitali ya misheni. Daktari Anatoli akampiga picha na kumwambia mfupa ni mzima. Wapo ambao nyonga zao zimelika kwa umri au zimevunjika kwa kuanguka, yeye hakuwamo. Akamtaka aonyeshe anavyofanya kazi. Masalu akakanyaga pamba isiyokuwepo, pale pale katikati ya chumba.

"Na huo wa kushoto, kazi yake lini?"

"Huo ni wa ngoma, daktari."

Anatoli akamweleza kwamba kano za nyonga zimechoshwa kwa kutwangwa upande mmoja tu. Apumzike gunia, ameze dawa ya maumivu akiwa ameshiba, na kila siku alalie ubavu wa kushoto, auinue mguu wa kulia taratibu mpaka misuli ipate nguvu. Akirudi kazini, abadilishe miguu. Masalu alitaka kucheka; tiba gani hiyo ya kulala na kunyanyua mguu? Maximiliana hakucheka. Kila alfajiri alimsimamia kama nyapara, na haba na haba maumivu yakapungua.

Mavuno yaliyofuata, uwanja ukafurika. Ngoma zetu hazina refa: watu wakihamia kwako, umeshinda. Januarius alianza na umati wote, hadi Masalu aliporuka. Akatua kwa mguu wa kulia. Nyonga kimya! Akaruka tena, juu zaidi, furaha ikamjaa kifua kizima. Watu wakaanza kuhama, wachache wachache, kisha kwa kusukumana, Januarius akabaki na wapiga ngoma wake, nao wanachungulia. Mwishowe akaja mwenyewe.

"Nani kakuagua?"

"Mke wangu," Masalu akajibu, na wala hakuacha kucheza.